Siku Niliyomuuliza Mama Mkwe Habari za Mkojo

Kwa miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama mama mkwe usoni, wala yeye hakunitazama mimi. Huku kwetu Nchelenge, upande wa Zambia, na kule kwao ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Kongo, jambo hilo halimshangazi mtu. Mwanamume na mama wa mke wake wanaoneana haya. Akija kwa njia hii, wewe unapita ile. Akiingia uani, wewe unakumbuka ghafla kwamba una kazi mahali. Hamli pamoja, na mkilazimika kusemezana mnamweka mtu katikati apeleke maneno.

Haya hiyo huondolewa siku moja tu, siku upande wa mke unapopika karamu na kumlisha mkwe rasmi, wazee wakiwa wamekaa. Karamu yangu ilikwisha kuahirishwa mara nne. Mara ziwa limechafuka, mara kuna msiba, mara mpaka umefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Baada ya hapo tukazoea.

Kwa hiyo nilimjua kwa miguu yake, maana macho yangu yalikuwa chini kila alipotokea, na nilimjua kwa sauti. Alikuwa mfanyabiashara mwenye sauti ya kuita mashua iliyokwisha kuondoka. Kila mwezi alivuka na madumu ya mafuta ya mawese na marobota ya vitenge, akarudi na unga, sukari na sabuni. Akilala kwetu, mimi nilikaa kwenye kibanda changu cha kazi hadi saa ya kulala. Nilimsikia akicheka na mke wangu ndani, kicheko kirefu chenye kukohoa mwishoni, nikatamani kujua wanacheka nini.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Nilizaliwa Mununga, Kibemba ndicho nilichonyonya, na Kiswahili nilikiokota gatini kwa wateja wa Kongo, kikanyooshwa na mke wangu nyumbani. Lugha hizo mbili, na Kiingereza cha shule, ndizo zilizoniponza siku ile. Au ndizo zilizonipa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Hata sasa nikiisimulia, mikono yangu inaanza kutembea yenyewe.

Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa baridi. Upepo ulitoka ziwani tangu alfajiri, nami nilikuwa gatini, nimevaa makoti mawili, nimeinama juu ya mashine iliyofunguliwa. Mke wangu alikuwa Mofwe, siku ya pili, kununua samaki, na simu yake ilikuwa haipatikani. Yapata saa tatu asubuhi boti ya Kongo ikatia nanga, na kabla haijafungwa kamba nikasikia mwanamke anapiga kelele:

"Fundi! Fundi, kuya mbio! Mukwe yako anakufa!"

Nilidondosha spana majini. Bado imo humo.

Mama mkwe alikuwa ameketi kati ya madumu yake, amejifunika kitenge kichwa kizima, anayumba mbele na nyuma. Aliyeniita alikuwa mchuuzi mwenzake, mama mmoja mnene wanayesafiri pamoja siku zote. Huyo ndiye aliyenieleza, maneno yakimtoka kama maji. Jana jioni, walipokuwa wanapakia mizigo, mama mkwe alisema taa ya gatini ina duara la rangi rangi kuizunguka, kama upinde wa mvua. Wenzake wakacheka. Haukupita muda jicho la kushoto likaanza kuuma, kisha nusu nzima ya kichwa, kisha akatapika. Wakasema ni malaria. Wakampa vidonge vya malaria, akavitapika. Wakavuka naye hivyo hivyo, akitapika ukingoni mwa boti hadi tumboni pakabaki patupu.

"Mama," nilisema, nikiyatazama madumu, "tuende hospitali."

Kile kitenge kikajibu: "Hapana yeye. Muite mutoto yangu."

"Mutoto yako iko Mofwe, Mama. Simu haipiti."

"Basi nitamungojea."

Yule mchuuzi mwenzake akapiga makofi kwa hasira. "Utamungojea na macho gani? Fundi, mukamate!"

Kumshika mama mkwe! Niliwatazama watu wote waliosimama pale, wavuvi, wachukuzi, wanawake wa samaki, na wote wakatazama pembeni kwa adabu. Nikavua koti la juu, nikamzungushia mabegani ili mikono yangu iguse koti na si yeye, nikamwinua. Mwenzake akamshika upande wa pili. Tukamtia kwenye teksi. Mwenzake hakuweza kuiacha mizigo ya watu wawili pale gatini, akabaki. Nikajikuta kwenye gari na mama wa mke wangu, mimi mbele, yeye nyuma, moyo ukinidunda kama mashine isiyowekwa oili.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke kijana, mgeni wa mkoa wetu. Alijua Kibemba na Kiingereza, lakini Kiswahili hata neno moja. Alimfunua kitenge taratibu. Mimi niligeukia ukutani, ila kabla sijageuka nililiona jicho. Lilikuwa jekundu kama utumbo wa samaki, na katikati, mahali pa kung'aa, palikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Daktari alimwambia afumbe macho. Akaweka vidole viwili juu ya kope la kulia, akabonyeza kidogo, kisha juu ya la kushoto. Akasimama wima.

"Hii si malaria," aliniambia kwa Kibemba. "La kulia ni laini. Hili la kushoto ni gumu kama jiwe. Ni presha ya jicho, ya ghafla. Limeanza lini?"

"Jana jioni."

Akatazama saa yake, nami nikaona mashavu yake yanakaza. Akanieleza haraka haraka huku anatafuta dawa za matone. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa kila wakati, na yana njia yake ndogo ya kutokea. Kwa mama huyu njia imeziba. Maji yanaendelea kuingia, hayatoki, jicho linakaza, na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo unabanwa. Ukibanwa saa nyingi unakufa, na ukifa haurudi.

Mimi ni mtu wa mashine. Niliposikia maji yanaingia na hayatoki, nilielewa kabisa, nikajawa na kitu nisichojua niseme ni hofu au furaha. Hofu, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda. Furaha, kwa sababu kilichoziba kinaweza kuzibuliwa.

"Unaweza?" niliuliza.

"Nitajaribu," alisema. "Lakini wewe ndiye mdomo wangu. Usiongeze neno, usipunguze."

Alitia matone. Akampa vidonge vya kupunguza maji ya jicho, na dakika haikupita vikarudi sakafuni. Ndipo alipomwita nesi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwambia alete manitoli.

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Daktari alisema ni aina ya sukari, lakini sukari ambayo mwili hauili. Ikiingia kwenye mshipa inabaki ndani ya damu na kuyavuta maji kuja kwake, kama chumvi inavyoyavuta maji kutoka kwenye samaki tunaowakausha. Inayavuta hata yale ya ndani ya jicho. Kisha figo zinaitoa, nayo inatoka na maji yote iliyoyakusanya. Wanaitumia hivyo hivyo kwa mtu aliyeumia kichwa, ubongo wake ukivimba ndani ya fuvu.

"Basi mpe!" nilisema.

"Bado. Dawa hii inaweza kuua." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. "Kabla figo hazijayatoa maji, damu inajaa kwanza. Moyo dhaifu utashindwa kuusukuma mzigo huo, na maji yatafurika mapafuni. Na kama figo zimefunga, dawa haina pa kutokea. Lazima nimuulize. Yaani, lazima umuulize."

Bado nilikuwa nimeutazama ukuta. Palikuwa na bango la chandarua, picha ya familia imelala vizuri chini ya neti. Nililiambia bango lile:

"Mama, dokteri anauliza kama ukilala mugongo unakosa pumzi."

Kutoka ndani ya kitenge alichojifunika tena: "Hapana. Ninalala muzuri."

"Anauliza kama miguu inavimba."

"Mi nabeba madumu toka gari mpaka ku boti. Miguu yangu iko nguvu kupita yako."

Nikamtafsiria daktari, na hilo la nguvu kupita yangu nikalitia pia, maana aliniambia nisipunguze. Nesi akaguna kicheko. Daktari alikuwa ameinama, anambonyeza mama kwenye vifundo vya miguu, kisha akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima presha ya damu.

"Sawa," alisema. "Sasa muulize amekojoa lini mara ya mwisho, na ulikuwa mwingi au kidogo."

Nasema kweli, ningeambiwa nizame chini ya ziwa kuitafuta spana yangu ningekubali haraka zaidi.

"Dokta," nilisema, "huyu ni mama mkwe wangu."

Alikuwa mgeni wa mkoa, lakini alikuwa binti wa nchi hii, alielewa. Nilimwona kwa pembe ya jicho akisita. Kisha akasema: "Najua. Jicho lake halijui."

Nikawaambia wale watu waliolala chini ya neti: "Mama, unisamehe. Dokteri anauliza umekojoa wakati gani, na ilikuwa mingi ao kidogo."

Nilihesabu mbao za dari. Nje jogoo aliwika. Mwishowe ile sauti ya kuita mashua ikatoka ndogo, ndogo kabisa, kama ya msichana:

"Mwambie dokteri, hii maneno atamuuliza mutoto yangu mwanamuke."

"Mama, mutoto yako iko Mofwe. Jicho inakufa sasa."

"Inakufa?"

"Dokteri anasema, kama tunachelewa, haitaona tena."

Akalia kidogo. Kisha akasema haraka, kama mtu anayetupa kitu kilichomchoma mkono: "Toka jana, mbele ya jua kuingia. Ku boti sikukunywa mayi, juu ya kuogopa kukojoa mbele ya banaume. Bon. Umesikia. Sasa uende."

Nilitafsiri kila neno, masikio yakiniwaka moto. Daktari alikunja uso. Mtu ametapika usiku kucha, hakunywa, hakukojoa. Je, figo zimekauka tu au zimelala? Akachukua damu ipelekwe maabara, akamning'inizia mfuko mdogo wa maji ya chumvi ili asikauke kupita kiasi, akasema anataka kuuona mkojo kwa macho yake. Nesi akavuta pazia. Mimi nikatolewa nje.

Kwenye baraza la hospitali ile nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Watu walinitazama. Nilikuwa naomba, na nilikuwa naombea mkojo. Sijui kama Mungu ameombwa hivyo mara nyingi. Ee Baba, nilisema, hata kikombe kimoja.

Majibu ya damu yalitangulia, na yalikuwa mazuri. Kisha mlango ukafunguka, nesi akatoka na beseni, miwani imemshuka puani, akaliinua juu mbele yangu kama nahodha wa timu aliyeshinda kombe.

"Huo hapo!" alisema.

Nilipiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi aliniuliza kama nimepata mtoto wa kiume.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Ilibidi apimwe uzito, kwa sababu dawa hiyo hupimwa kwa kilo za mtu. Mama mkwe alipanda mizani akiwa ameshikwa na nesi, na mimi, kwa kuwa nesi alikuwa hana mkono wa ziada, niliambiwa nisome. Sabini na mbili. Nikasema sabini na mbili kwa Kibemba, polepole, na kile kitenge kikanong'ona kwa Kiswahili kwamba mizani ya Zambia inadanganya. Daktari akapiga hesabu kwenye karatasi, akairudia mara ya pili. Ilikuwa karibu chupa nzima.

Nesi akaileta chupa. Mimi, mwenye mazoea ya kutazama petroli kama ina maji, niliinua macho kuitazama, nikaona chini yake kuna tope jeupe, punje punje zinazometameta kama chumvi ya mawe.

"Mama nesi! Imeganda!"

"Najua," alisema, bila wasiwasi wowote. "Baridi hii. Stoo imekuwa kama friji. Dawa hii ikipata baridi inarudi kuwa sukari. Ukimpa mtu hivi, umemtia mchanga kwenye mishipa." Alinitazama juu ya miwani yake. "Birika letu limeharibika tangu Jumatatu. Nahitaji maji ya moto."

Nilikuwa nimekwisha kutoka. Nyuma ya hospitali kuna kibanda ambamo ndugu wa wagonjwa wanapika. Niliingia humo nikikimbia, wanawake wanne wakaruka. "Maji ya moto! Kuna mtu jicho linakufa!" Hawakuuliza jicho na maji ya moto vina uhusiano gani. Mmoja, aliyekuwa ameinjika maji ya uji wa mtoto wake, aliipua sufuria nzima akanipa na kitambaa cha kushikia. Nilirudi nayo kwa hatua fupi fupi za haraka, maji yakinichoma vidole, na sikusikia maumivu hadi jioni.

Nesi aliizamisha chupa katika maji yale, akaingoja, akaitoa, akaitikisa, akaipeleka dirishani. Mimi nyuma yake nilinyoosha shingo. Punje zilikuwa zimepungua, lakini zipo. Akairudisha. Akaitikisa tena. Dirishani tena. Punje tatu, labda nne.

"Inatosha?" niliuliza.

"Wewe ukifunga mashine huacha mchanga kidogo ndani?"

Niliona aibu. Mara ya tatu chupa ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, hata ukiiinamisha hukuona kitu. Na bado hakuitundika. Aliiacha ipoe hadi ilipokuwa na joto la mwili, akaipima kwa shavu lake kama chupa ya mtoto. Mrija wake ulikuwa na chujio ndani, ili hata punje iliyojificha isipite. Nilisimama pale nikajiambia, huyu mama ni fundi kuliko mimi.

Dripu ikaanza. Daktari alisema iingie kwa muda usiofika saa moja, na hakutoka chumbani. Kila baada ya dakika chache alisikiliza kifua na kupima presha ya damu. Mimi nilipewa kiti, nacho nilikigeuza kikatazama ukuta.

Mwanzoni hakikuonekana kitu. Kisha mama mkwe akaanza kutetemeka, akalalamika kichwa. Niliruka. Daktari akasikiliza kifua tena, akasema ni safi, hiyo ni dawa inafanya kazi, afunikwe blanketi. Kisha ikaja kiu.

"Mayi," alisema.

Nikatafsiri. Daktari akatikisa kichwa. Maji tunayotoa tusiyarudishe kwanza. Alowanishe midomo tu, hadi dakika fulani zipite.

"Mama, dokteri anakataza. Midomo tu."

"Mayi!"

"Hapana, Mama."

"Tangu wakati gani mukwe ananyima mama ya bibi yake mayi? Miye niliyemuzala ile mwanamuke anakupikia? Nikikufa na kiu nitakuja kukuamusha kila siku!"

Mtu aliyekuwa hajanisemesha kwa miaka tisa alikuwa ananitukana waziwazi, moja kwa moja, bila mtu katikati! Nesi alinipa pamba iliyolowana, akaenda kushughulikia mrija. Nilibaki nayo mkononi. Hapo nilikigeuza kiti. Nikaiweka pamba ile kwenye midomo ya mama mkwe, naye akaifyonza.

Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Ita ule mama. Mbio."

Nikamwita nesi, pazia likavutwa. Beseni la kwanza. Baada ya muda mfupi: "Ita tena!" La pili. "Inakuja tena, yee Mungu wangu, inatoka wapi?" La tatu. Kila mara nesi alipima, akaninadia namba kupitia pazia, nami nikaiandika kwenye karatasi niliyopewa, na kila namba ilipopanda nilihisi kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Haya ilikuwa imekwisha kwenda zake bila hata kuaga.

Katika chumba kile alikuwamo mzee mmoja, mvuvi wa Kafutuma, miguu yake imevimba kama viroba. Aliuona mchezo wote ule akavutiwa. "Dokta," alisema, "na mimi nipe hiyo ya kukojoza. Nina maji mengi kuliko huyo mama." Daktari alimwendea, akamwekea mkono begani, akamwambia hapana: miguu yake imevimba kwa sababu ya moyo, na dawa hii ingemzamisha palepale kitandani. Yeye ana dawa yake nyingine. Mzee akatazama chupa ile kwa heshima mpya, akavuta miguu yake kando.

Sijui ilikuwa dakika ya ngapi. Chupa ilikuwa imekaribia kwisha nilipogundua kwamba kitanda hakiyumbi tena. Mama mkwe alikuwa ametulia. Mkono wake, uliokuwa umelikamata jicho tangu gatini, ulikuwa umelala juu ya blanketi, umefunguka.

"Mama?"

"Nyamaza kwanza," alisema. "Nasikiliza. Maumivu inaenda."

Daktari alikuja, akaweka tena vidole vyake viwili juu ya kope. Kulia. Kushoto. Akarudia. Uso wake wote ukabadilika, akawa kama mtoto wa shule, akasema kwa Kibemba, "Limelegea! Njoo, mwambie limelegea!"

"Mama, imelegea!"

Akamfunika jicho la kulia kwa kiganja, akaniambia nisimame mbele, ninyooshe vidole. Nilisimama mbele ya mama wa mke wangu, nikanyoosha viwili. Alikaza jicho lile jekundu, lenye ukungu bado, likalowa machozi.

"Ni ngapi, Mama?"

"Mbili."

Nikanyoosha vinne.

"Ine. Na kimoja iko na oili nyeusi." Akanitazama kutoka vidole hadi usoni. "Ni weye, baba ya batoto?"

"Ni miye, Mama."

"Uko mufupi," alisema. "Sauti yako ilikuwa inanidanganya."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nesi alikuwa anajifuta macho chini ya miwani. Na yeye mwenyewe, mama mkwe, akacheka kile kicheko kirefu nilichokuwa nakisikia kupitia ukuta, na mwishoni akakohoa.

Mke wangu aliingia saa kumi jioni, ananuka samaki, pumzi juu. Simu yake ilikuwa imepata mtandao njiani, akapokea jumbe zangu zote kumi na saba kwa mpigo. Alitukuta mimi nimeketi kitandani miguuni pa mama yake, mama yake ananieleza jinsi mashine ya boti yao inavyokohoa ikipanda wimbi, mimi namuuliza maswali. Alisimama mlangoni akashika kinywa.

"Mama! Unasema na yeye?"

"Anajua mukojo yangu kupita dokteri," alijibu mama yake. "Nitamuficha nini sasa?"

Haikuishia hapo. Daktari alituambia wazi kwamba manitoli imetununulia muda tu, saa chache, na kwamba matone na vidonge vitashikilia kidogo. Ile njia bado ni nyembamba. Alihitaji hospitali ya macho, safari ya siku nzima kwa basi, apigwe mwale wa mwanga wa kutoboa tundu dogo sana ndani ya jicho, ili maji yapate mlango mwingine. Na si la kushoto tu, la kulia pia, maana limeumbwa vilevile na siku moja lingefanya hivyo hivyo. Mama mkwe alianza kutaja madumu yake, vitenge vyake, wateja wake. Nilimkatiza. Mimi, nikamkatiza! Nilisema: "Mama, tunaenda kesho." Akanitazama, akasema, "Bon."

Tulikwenda sisi watatu. Matundu yalitobolewa, kila jicho dakika chache, yeye akilalamika tu kwamba kidevu kimechoka kwenye kifaa cha kukiegemezea. Mke wangu naye alichunguzwa siku hiyohiyo, kwa sababu maumbile hayo hutembea katika ukoo. Macho yake yakaonekana yanaelekea huko, sasa anaangaliwa kila mwaka. Jicho la kushoto la mama mkwe halikurudi lote. Pembeni, upande wa pua, kuna mahali amesema ni kama pazia. La kulia ni zima kabisa, na kwa hilo anaona noti bandia kabla hujaitoa mfukoni.

Kaka yake mkubwa, kule ng'ambo, alikasirika. Alituma maneno kwamba tumevunja heshima, kwamba mkwe hawezi kuingia kwa mlango wa hospitali. Mama mkwe hakubishana. Alipika. Mwezi wa tisa, ziwa likiwa limetulia, walikuja na boti mbili: wazee, shangazi, vyungu, kuku, bukari, yaani ugali wa muhogo, samaki wa kukaangwa na mawese. Kaka yake akaketi mbele na uso wa hakimu. Kila chungu kilifunuliwa, kikaelezwa, nikalishwa kama inavyotakiwa, wanawake wakiimba. Ilipofika zamu ya mama mkwe kunipa maji ya kunawa, alisimama mbele yangu na jagi, akaninong'oneza ili kaka yake asisikie:

"Leo utakunywa yote. Hakuna dokteri hapa."

Siku hizi akitaka kuvuka hampigii tena mke wangu. Ananipigia mimi, anauliza upepo, anauliza mashine ya nani ni nzima, kisha ananitajia amefikisha siku ngapi bila kusahau matone yake. Jana alipiga akiwa bado gatini kwao. Alisema kuna mama mmoja pale anaona duara kwenye taa na jicho linamuuma, na kwamba amekwisha kumpakia botini, atake asitake.

"Mwambie dokteri tunakuya," alisema. "Na utafute mayi ya moto."